Bwana Shamba Asema: Nesi Yuko Darasani



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyaweka ghalani. Mwezi huu mahindi tuyaweke kando. Nataka tuzungumze juu ya saratani ya titi, na juu ya nesi anayejifunza kumhudumia mgonjwa wa saratani hiyo bila kuondoka kijijini kwake.

Labda utauliza: "Bwana Shamba, jambo hili linakuhusu nini? Wewe si mganga." Ni kweli. Mimi nina cheti cha kilimo tu. Lakini kazi yangu ni kumpelekea mtu elimu pale alipo. Simwambii mkulima aache shamba lake wakati wa kupanda, aje chuoni akae miaka miwili. Akifanya hivyo watoto wake watakula nini? Mimi ndiye ninayemfuata shambani.

Nesi wa zahanati naye ni hivyo hivyo. Akienda chuoni miaka miwili, nani atazalisha kina mama? Nani atawachanja watoto? Basi, kama nesi hawezi kuifuata elimu, elimu imfuate nesi. Hiyo ndiyo elimu ya masafa. Wazazi wetu waliita elimu kwa njia ya posta. Siku hizi inakuja pia kwa simu na kompyuta.

UGONJWA WENYEWE

Saratani wengi wetu tunaiita kansa. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana. Chembe hizo huzaliwa na kufa kwa mpango. Saratani ni pale chembe zinapoanza kuzaana bila mpango. Zinakuwa uvimbe. Baadaye zinaweza kusambaa na kufika kwenye mifupa, mapafu au ini.

Saratani ya titi si ugonjwa wa Wazungu, wala si ugonjwa wa mjini. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika mwaka 2022 wanawake kama milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu. Wanawake kama 670,000 walikufa kwa ugonjwa huu mwaka huo huo. Wanaume pia huupata, lakini ni wachache, kiasi cha mmoja au pungufu kati ya wagonjwa 100.

Ugonjwa huu hauambukizwi. Hauletwi na laana wala uchawi. Mgonjwa anaweza kula sahani moja na watoto wake.

Dalili zake ni hizi:
- Uvimbe kwenye titi au kwapani. Mara nyingi mwanzoni hauumi.
- Titi moja kubadilika umbo au ukubwa.
- Ngozi ya titi kuwa kama ganda la chungwa.
- Chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani.
- Damu au majimaji yasiyo maziwa kutoka kwenye chuchu.
- Kidonda kwenye titi au chuchu kisichopona.

Sikiliza vizuri hapa. Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Lakini huwezi kujua kwa kuutazama tu. Wala huwezi kujua kwa kusubiri uume. Wakulima wa mahindi mnanielewa. Kiwavijeshi vamizi aliingia nchini mwaka 2017. Mkulima anayekagua shamba mapema huyaona mayai kwenye jani, akayaponda kwa vidole. Anayesubiri mpaka moyo wa mhindi umeliwa, huyo atavuna mabua. Saratani ya titi ikigunduliwa mapema, wengi hupona. Ikichelewa, dawa ni nyingi, gharama ni kubwa, na kupona ni kugumu.

NESI WA TITI NI NANI?

Katika nchi nyingine kuna wauguzi waliosomea hasa huduma ya saratani ya titi. Chukua mfano wa Australia. Ni nchi pana sana, na wakulima wake wengi wanaishi mbali na hospitali kubwa. Huko kuna mfuko unaoitwa McGrath Foundation. Ulianzishwa na mama mmoja, Jane McGrath, na mume wake Glenn, mchezaji maarufu wa kriketi. Mama huyo aliugua saratani ya titi, na alifariki mwaka 2008. Mfuko huo unasaidia kulipia wauguzi wa titi, hata wa vijijini. Mgonjwa halipi kitu kumwona nesi huyo. Na nesi wa Australia anayetaka kusomea kazi hiyo anaweza kusoma masomo ya chuo akiwa nyumbani kwake.

Nesi wa titi hakati mtu kwa kisu. Hajifanyi daktari bingwa. Kazi yake ni kumshika mgonjwa mkono kutoka siku ya kwanza mpaka mwisho wa matibabu. Anapima titi na kwapa kwa vidole, kwa utaratibu, bila kuruka sehemu. Anaandika barua ya rufaa iliyo wazi. Anamweleza mgonjwa kwamba atapigwa picha ya titi, halafu atachukuliwa kinyama kidogo kwa sindano kipelekwe maabara. Watu husema sindano hiyo huamsha ugonjwa. Si kweli. Bila kinyama hicho daktari hawezi kujua ni ugonjwa gani, wala dawa ipi inafaa.

Mgonjwa akirudi nyumbani baada ya upasuaji, nesi anatazama kidonda. Anamfundisha kunyoosha mkono na kuinua bega ili lisikakamae. Anamweleza kwamba mkono wa upande ule unaweza kuvimba, na afanye nini ukivimba. Mgonjwa anayepewa dawa kali za saratani akipata homa, nesi anajua kwamba hiyo si homa ya kusubiri kesho. Anampeleka hospitali mara moja. Wagonjwa wengine hupewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Nesi ndiye anayekumbusha, maana mtu akijiona mzima huacha dawa.

Na zaidi ya hayo yote, anazungumza na mume. Hii nayo ni kazi, ndugu zangu.

JAMBO HILI SI GENI KWETU

Mtu akikuambia kwamba kusoma kwa mbali ni mambo mapya ya simu, mwambie awaulize wazee. Mwaka 1973 Tanzania ilikuwa na kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 walisoma juu ya malaria, kuhara na magonjwa mengine bila kwenda chuo chochote. Walisomaje? Walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio. Walisoma kijitabu. Halafu walizungumza na kiongozi wa kikundi, wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka.

Majirani zetu wa Kenya nao wamefanya. Walikuwa na wauguzi wa cheti zaidi ya 20,000 waliotakiwa kupanda hadi stashahada. Vyuo havikuwa na nafasi ya kuwapokea wote. Mwaka 2005 shirika la AMREF, Baraza la Wauguzi la Kenya na Wizara ya Afya walianza kuwafundisha kwa kompyuta. Nesi alibaki kazini huku akisoma.

MAFIGA MATATU

Chungu hakikai juu ya figa moja. Elimu ya masafa nayo ina mafiga matatu.

Figa la kwanza ni somo lenyewe. Zamani lilikuwa kijitabu na redio. Leo linaweza kuwa kwenye simu. Nesi analisoma usiku watoto wakiwa wamelala. Asipoelewa anarudia. Mwalimu wa kwenye kitabu hachoki kuulizwa.

Figa la pili ni mazungumzo. Mtu akisoma peke yake huchoka, au huelewa vibaya. Kwa hiyo wanafunzi na mabingwa wanakutana kwa simu siku maalumu. Nesi mmoja anaeleza habari za mgonjwa wake, bila kutaja jina. Anaeleza alichoona na alichofanya. Wenzake wanauliza. Daktari bingwa anashauri. Wote wanajifunza kutokana na mgonjwa mmoja.

Figa la tatu ni mikono. Hapa tusidanganyane. Huwezi kujua kuunganisha mwembe kwa kusoma karatasi. Lazima ushike kisu, ukate kikonyo, ukifunge, na mwenye kujua akutazame. Kupima titi ni vivyo hivyo. Vidole lazima vifundishwe. Kwa hiyo nesi anayesoma kwa mbali lazima apate siku za kwenda hospitali, afanye kazi mbele ya msimamizi, apimwe na kusahihishwa. Masomo yasiyo na figa hili yanampa mtu cheti lakini hayampi ufundi. Ndugu nesi unayesoma ukurasa huu, kabla ya kulipa ada uliza: nitafanya mazoezi wapi, na nani atanisimamia? Uliza pia kama Baraza la Uuguzi na Ukunga linayatambua masomo hayo.

JE, MGONJWA ANAPATA FAIDA?

Hili ni swali zuri. Cheti cha nesi si kitu kama mgonjwa haponi. Tutazame mfano wa Marekani, katika jimbo la New Mexico. Daktari mmoja, Sanjeev Arora, alikuwa bingwa wa ini. Wagonjwa wa vijijini walingoja kama miezi 8 kumwona. Wengine walisafiri mamia ya kilomita. Mwaka 2003 alianza mpango unaoitwa ECHO. Hakuwaita wagonjwa waje kwake. Aliwafundisha wahudumu wa vijijini kwa njia ya video kila wiki, kwa kuzungumzia wagonjwa wao wenyewe.

Mwaka 2011 matokeo yalitangazwa. Wagonjwa waliotibiwa na mabingwa katika hospitali ya chuo kikuu waliopona walikuwa kama 58 kwa kila 100. Na wale waliotibiwa na wahudumu wa vijijini na magereza? Nao walikuwa kama 58 kwa kila 100. Mzani ulikuwa sawa. Ugonjwa ule ulikuwa wa ini, si saratani ya titi. Lakini mtindo huo umeenea katika nchi nyingi, za Afrika zikiwemo, na unatumika pia kuwafundisha wahudumu wa wagonjwa wa saratani.

SAA MOJA YA ALHAMISI

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika kijiji kimoja ninachokihudumia, mzee mmoja alisimama kwenye mkutano wa kijiji. Alisema: "Ndugu Mwenyekiti, nesi wetu anacheza na simu. Kila Alhamisi saa tisa ameweka vitu masikioni. Sisi tuko kwenye benchi." Watu walipiga makofi. Mwenyekiti akamtaka nesi ajibu. Nesi alisema: "Baba, wakati ule huwa niko darasani." Watu wakacheka. Darasa gani halina ubao?

Mzee yule hakuwa na ubaya. Mgonjwa aliye kwenye benchi anaona simu tu, haoni somo. Na nesi naye alikuwa hajawaeleza. Mtendaji wa kijiji alimpa nafasi aeleze. Alieleza kwamba ni somo la saratani ya titi, la saa moja kwa wiki, na kwamba bando analinunua kwa mshahara wake.

Mkutano ulikubaliana mambo matatu. Kwanza, saa ya somo iandikwe mlangoni ili watu wajue. Pili, mjamzito mwenye uchungu, mtoto mwenye degedege na mtu aliyeumia wasisubiri hata dakika moja. Somo litasimama. Tatu, siku ya Alhamisi mhudumu wa pili wa zahanati asipangiwe safari, awepo kupokea wagonjwa wengine. Hakuna fedha iliyotoka. Ni mpango tu.

Katika mkutano ule alikuwepo mama mmoja. Jina lake nalihifadhi. Alisikia neno "uvimbe usiouma". Kesho yake alikwenda zahanati. Alikuwa na uvimbe wa ukubwa wa punje ya hindi, na alikuwa ameuona tangu mwezi wa pili. Aliambiwa na majirani kwamba ni maziwa yaliyoganda. Mume wake alisema asubiri mpaka wauze pamba mwezi wa tano. Hakusema kwa ukatili. Nyumbani hapakuwa na nauli.

Nesi alimpima. Alhamisi alieleza habari zake darasani bila kutaja jina. Daktari bingwa alijibu kwa maneno machache: "Usingoje pamba. Mlete wiki hii." Nesi alikwenda nyumbani kwa mama yule, akakaa na mume wake chini ya mwembe, akaeleza. Mume aliuza mbuzi wawili. Mama alikwenda hospitali ya rufaa akiwa na barua mkononi.

Ilikuwa saratani, lakini ilikuwa bado haijasambaa. Amefanyiwa upasuaji. Sasa anaendelea na dawa. Simwambii mtu kwamba amekwisha pona, maana matibabu yake bado. Lakini mwezi uliopita nilimwona kwenye kikundi cha akina mama wakipukuchua mahindi. Alikuwa anainua mkono juu polepole, kama nesi alivyomfundisha.

Simu haikumtibu mama yule. Waliomtibu ni madaktari. Lakini bila lile somo la Alhamisi, barua ingeandikwa baada ya pamba. Kwa hiyo saa ya nesi si saa aliyotuibia sisi. Ni saa yetu.

SIKU 60

Shirika la Afya Duniani limeziwekea nchi malengo matatu. La kwanza, kati ya saratani 100 za titi, angalau 60 zigunduliwe zikiwa katika hatua mbili za mwanzo. La pili, mtu akishafika kwa mhudumu, vipimo viwe vimekamilika katika siku 60. La tatu, kati ya wagonjwa 100, angalau 80 wamalize matibabu yote waliyoandikiwa.

Tazama vizuri malengo hayo. La kwanza linaanzia nyumbani na zahanati. La pili linapita kwenye barua ya nesi na nauli ya mume. La tatu liko kwenye kikombe cha maji na kidonge cha kila jioni. Mashine ziko mjini, Bugando au Ocean Road. Lakini mwanzo na mwisho wa safari viko kijijini.

WEWE UFANYE NINI?

Mama, ukiona badiliko lolote kwenye titi lako, nenda zahanati wiki hiyo hiyo. Usisubiri maumivu. Usianze kwa dawa za majani kwanza.

Baba, mke wako akikueleza, usinyamaze. Mbuzi huzaa mbuzi mwingine. Mama wa watoto wako ni mmoja.

Wajumbe wa serikali ya kijiji, muulizeni nesi wenu kama anasoma. Kama anasoma, mpangieni saa yake. Kama hasomi, muulizeni kinachomzuia. Labda ni umeme wa kuchajia simu. Labda ni mtandao usiofika zahanati lakini unafika shuleni kilimani. Mambo hayo yanaweza kutatuliwa.

Nesi, waeleze watu unachosoma. Bandika mlangoni. Mtu akijua hunung'unika kidogo. Na ulichojifunza Alhamisi, kiseme Ijumaa kwa kina mama wa kliniki.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Taja dalili nne za saratani ya titi.
2. Kwa nini si vizuri kungoja mpaka uvimbe uume?
3. Mafiga matatu ya elimu ya masafa ni yapi? Likikosekana la tatu, kuna hatari gani?
4. Katika kijiji chenu, kutoka zahanati mpaka hospitali ya rufaa nauli ni kiasi gani? Kikundi chenu kinaweza kuweka akiba gani kwa ajili ya safari hiyo?
5. Nesi wenu anasoma lini na wapi?

Someni pamoja. Asiyejua kusoma vizuri asomewe na mwenziwe. Mwezi ujao tutarudi shambani, tuzungumze juu ya kuchagua mbegu.

Kazi njema.

Wenu,
Bwana Shamba